Frasila Mbili

Mpagazi wa Kinyamwezi aliuinua mzigo kwanza, ndipo akaukubali. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita njia ya Bagamoyo, Ugogo, Tabora na Ujiji wameandika, wengi wao kwa kulalamika, jinsi asubuhi za mwanzo wa safari zilivyopotea kwenye ubishi wa mizigo: huyu anapima kwa mkono, yule anajitwisha na kutua, mwingine anadai apewe ule wa jirani yake. Uzito wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, na juu yake mpagazi alikuwa na vyake: mkeka, chungu, chakula, silaha. Kutoka pwani mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800 kwa njia ile. Msafiri Stanley, aliyekuwa na haraka, aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 akaingia Unyanyembe, yaani Tabora, tarehe 23 Juni. Mtu anayejua kwamba kitu kitakaa begani mwake miezi mitatu ana haki ya kuuliza kilichomo.

Kazi yangu ni kufundisha uandishi na kuhariri kazi za wengine, na kila nifikapo Tabora nalifikiria bega lile. Msomaji wetu ni mpagazi. Kila neno tunaloandika tunamtwisha yeye, naye hapati nafasi ya kuliinua kwanza. Uzito anaugundua akiwa katikati ya sentensi. Akichoka, habishani nasi kama Mnyamwezi wa Bagamoyo. Anautua mzigo njiani kimyakimya, na sisi hatupati habari. (Namzungumzia hapa mpagazi wa ujira. Katika njia hiyohiyo walipitishwa watu waliofungwa na kubebeshwa pembe za ndovu, na hao hakuna aliyewauliza lolote. Simtaji mmoja ili nimsahau mwingine, na nitarudi kwao.)

Watu wa misafara walijua kuchagua kwa sababu shehena yenyewe ndiyo iliyokuwa fedha. Nguo za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba: kwa vitu hivyo walinunua posho, kwa vitu hivyo walilipa hongo waliyotozwa na watawala wa Ugogo. Na shanga hazikuwa na bei moja. Aina iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa siku chache mbele, na aliyekuja na nyingi za aina hiyo akawa amebeba mawe. Mfanyabiashara mzoefu aliuliza kabla ya kufunga mtumba: huko niendako wanapokea shanga gani? Swali hili nalipenda kuliko lile agizo la "andika kwa ufupi" tunalowapa wanafunzi bila kulieleza. Neno "utekelezaji" linanunua kitu kwenye kikao cha halmashauri. Kwa mama anayesoma tangazo ubaoni, ndoo mkononi, halinunui hata kibaba. Kabla ya kuuliza maneno ni mangapi, tujue yanakwenda kwa nani.

Kisha reli ikaja. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Behewa moja lilichukua mizigo ya mamia ya mabega, na ubishi wa asubuhi ukaisha. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kupima mtumba kwa mkono.

Maneno nayo yalikuwa na nauli yake, na nauli hiyo imeondoka wengi wetu tukiwa hai. Aliyekwenda posta kupeleka telegramu alilipa kwa neno. Alisimama dirishani na fomu yake, akahesabu, akakata, akahesabu tena. Kiswahili kilikuwa na bahati pale dirishani: "tutakupokea" ni neno moja, na ndani yake wamo wapokeaji, mpokelewa, wakati na kitendo. Kwenye viwanda vya zamani vya uchapaji, kama kile cha wamisionari wa Kipalapala ambacho vitabu vyake vya Kiswahili vilienea nchi nzima na jina la Tabora kwenye jalada, herufi zilipangwa kwa mkono. Mstari uliozidi ulikuwa kazi ya kidole na jicho la mtu. Hata simu za mkononi zilianza na mpaka. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand aliketi akaandika sentensi za kila namna na kuhesabu herufi zake, akaona kwamba 160 zinatosha kwa ujumbe wa kawaida, na kipimo hicho ndicho kilichoingia kwenye simu zetu.

Leo anayeandika halipi kitu. Kompyuta inampa ukurasa usio na mwisho, simu inamruhusu kutuma taarifa ya kurasa kumi kwa watu mia mbili kwa kugusa mara moja. Mwandishi amepanda treni. Msomaji bado anakwenda kwa miguu, neno kwa neno, kwa mwendo uleule wa babu zake. Hapo ndipo ninapoiona asili ya tatizo letu, zaidi ya uvivu na zaidi ya elimu duni tunayopenda kuilaumu: anayefunga mzigo haubebi tena.

Niliwahi kuendesha mafunzo ya siku tatu mjini Tabora kwa watendaji wa kata na vijiji. Nilimwomba kila mmoja aje na maandishi ya kazi yake, yaliyokwisha kubandikwa au kutumwa. Mzee mmoja, mtendaji wa miaka mingi, alileta tangazo hili:

"Napenda kuchukua fursa hii kuwatangazia wananchi wote kwa ujumla kwamba, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, zoezi zima la utoaji wa huduma ya maji katika maeneo ya kata yetu halitaweza kufanyika kwa kipindi cha siku mbili, yaani siku ya Jumanne na siku ya Jumatano, kwa ajili ya kupisha shughuli ya ufanyaji wa matengenezo ya bomba kubwa ambalo limepasuka. Hivyo basi, wananchi wote mnaombwa kuchukua tahadhari ya kuhifadhi maji ya kutosha kabla ya siku hizo kufika."

Maneno 77. Nililiandika lote ubaoni, tukaanza kutua mizigo kwa sauti, kila mtu akinyoosha mkono na kutaja neno lake. "Napenda kuchukua fursa hii kuwatangazia" lilianguka mara moja, kwa sababu tangazo linatangaza kwa kuwapo tu ubaoni. "Wote kwa ujumla" likabaki "wote", kisha hilo nalo likaondoka. "Siku ya Jumanne" ikawa Jumanne. Mpaka hapo kazi ilikuwa nyepesi, na darasa lilikuwa na furaha ya watoto wanaotikisa mwembe.

Ugumu ulianzia kwenye "zoezi zima la utoaji wa huduma ya maji". Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo penye ugonjwa wa Kiswahili chetu cha ofisini. Kiswahili ni lugha ya vitenzi. Nguvu yake yote imo kwenye shina linalopokea viambishi mbele na nyuma. Sasa tazama kinachotokea mezani. Kitenzi "tengeneza" kinageuzwa jina: matengenezo. Jina haliwezi kutenda, kwa hiyo linatafutiwa kitenzi kisicho na maana yake chenyewe: kufanya matengenezo. Nacho kinageuzwa jina: ufanyaji wa matengenezo. Halafu linavikwa jina jingine juu: shughuli ya ufanyaji wa matengenezo. Ni kama mtu mmoja aliyevaa makoti manne katika jua la Oktoba. Ndivyo tunavyopata "kutoa shukrani" badala ya kushukuru, "kufanya maamuzi" badala ya kuamua, "kuchukua tahadhari ya kuhifadhi maji" badala ya kuteka maji.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini watu wenye akili, wanaozungumza Kiswahili safi wakiwa sokoni, wanaandika hivyo wakishika kalamu ya ofisi. Jibu nililolipata liko kwenye kiambishi cha mwanzo. Kitenzi cha Kiswahili kinadai mtendaji: tu-natengeneza, wa-natengeneza, a-natengeneza. Huwezi kukiandika bila kusema ni nani, au bila angalau kuchagua kutosema. "Ufanyaji wa matengenezo" hauna mtu ndani yake. Hakuna wa kuulizwa kazi ikichelewa. Maneno yaliyozidi kwenye tangazo lile yalikuwa kinga. Na tazama "sababu zilizo nje ya uwezo wetu", iliyokaa kwenye sentensi moja na bomba lililopasuka, sababu inayojulikana na kila aliyepita barabarani akakuta dimbwi. Mzee wetu hakuwa na kosa la kuficha. Alikuwa amerithi lugha ya kujificha, akaitumia kama tunavyotumia sote.

Tulipomaliza, ubaoni pakabaki hivi:

"Jumanne na Jumatano hakutakuwa na maji katika kata yetu. Bomba kubwa limepasuka, tunalitengeneza. Tafadhali tekeni maji ya kutosha kabla ya Jumanne."

Maneno 21. Jambo la kwanza ndilo linalomhusu msomaji, la pili ni sababu, la tatu ni la kufanya.

Kuna wanaodhani kwamba kupunguza ni kukata tu, mkasi na karatasi. Katika Kiswahili mara nyingi ni kukunja. Kiambishi kimoja kinameza kishazi kizima. "Aliandika barua kwa ajili ya mama yake" ni "alimwandikia mama yake barua". Kile -i- kidogo kimebeba "kwa ajili ya". "Walisaidia, huyu akimsaidia yule na yule akimsaidia huyu" ni "walisaidiana". "Mtu ambaye anauza asali" ni "anayeuza asali", au hata muuza asali. Amba- imeota kwenye magazeti yetu kama magugu, ingawa ina mahali pake: kitenzi chenye -me- au -nge- hakipokei o-rejeshi ndani yake, na sentensi ndefu yenye majina mawili yanayogombea kitenzi kimoja huhitaji amba- ili msomaji ajue nani ni nani. Namwambia mwanafunzi aiache inapofanya kazi. Sipendi sheria ya kufuta neno popote lionekanapo. Hiyo ni sheria ya mtu asiyesoma anachokata.

Chombo kingine tulicho nacho, na ambacho wageni wanaojifunza lugha yetu hukionea wivu, ni -ka-. Mwandishi wa ripoti atasema: "Baada ya kufika Ujiji, ndipo baadaye akachukua uamuzi wa kwenda kumtembelea mjomba wake, na hatimaye baada ya hapo akafanya safari ya kurudi Tabora." Bibi yangu angesema: alifika Ujiji, akamtembelea mjomba wake, akarudi Tabora. Ile -ka- ina "baada ya hapo" ndani yake, ina "ndipo", ina "hatimaye". Kuviandika tena ni kulipa hongo mara mbili kwa mtemi mmoja.

Anayetaka kuiona -ka- ikifanya kazi kwa nguvu zake zote asome maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na herufi za Kiarabu, na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Tabora ilikuwa kama kwao: baba yake aliishi hapo na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Masimulizi yake yanakwenda kwa kasi ya mtu anayehesabu kambi. Safari ya miezi inapita kwa sentensi chache, kitenzi kikishika mkono wa kitenzi. Hakuna mapambo, hakuna kujieleza. Ukiweka kando yake kitabu cha Stanley cha mwaka 1872 kuhusu safari ya kumtafuta Livingstone, chenye kurasa zaidi ya 700, utafikiri watu hawa hawakupita nchi moja.

Nawapa wanafunzi kurasa za Tippu Tip wajifunze mwendo wake. Nawapa pia kazi ya pili: watafute ndani yake watu waliobebeshwa pembe. Hawachukui muda kuona jinsi walivyo wachache kwenye maneno yake, na walivyokuwa wengi kwenye njia yake. Ufupi wa mfanyabiashara unahesabu frasila, na hauna nafasi ya aliye chini ya frasila. Somo hilo linawanyamazisha, nami nalihitaji, kwa sababu kila mwaka nakutana na kijana aliyeonja utamu wa kukata na sasa anakata kila kitu.

Mfano ulio karibu zaidi uko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, penye tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwanzoni mwa 1872. Mwaka uliotangulia, akiwa Manyema, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya gazeti la zamani la London, kwa rangi ya matunda, mistari yake ikikatiza ile iliyochapwa. Humo aliandika mauaji aliyoyashuhudia sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871. Baadaye alizinakili shajara zake kwenye daftari kubwa, na Stanley akaondoka nalo Machi 1872. Kwa zaidi ya karne moja kurasa zile za gazeti hazikusomeka vizuri, mpaka wataalamu walipozipiga picha kwa mianga ya rangi tofauti na kuzitoa hadharani mwaka 2011. Walipolinganisha maandishi mawili wakaona kwamba mambo kadhaa, hasa yaliyohusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, yalibadilishwa au hayakuvuka kuingia daftarini.

Sina nia ya kumhukumu Livingstone, mgonjwa aliyekaa chini ya paa la udongo miaka 150 iliyopita. Nachukua swali moja tu kutoka kwake, nalo naliuliza kila ninapomaliza kupunguza: kuna mtu aliyetoweka? Ripoti inasema "wafanyakazi wawili walifariki wakichimba mtaro ambao haukuwa umetegemezwa kingo zake". Mhariri mwenye haraka anaacha "wafanyakazi wawili walifariki". Amepunguza maneno saba na ameondoa sababu ya vifo. Sahihi ilikuwa kukunja: "wafanyakazi wawili walifariki wakichimba mtaro usiotegemezwa kingo". Neno mbalimbali, neno kimsingi, neno aidha, hayo yatoke, yasindikizwe kwa ngoma. Neno lililobeba mtu libaki hata likiwa zito.

Mazoezi ya kupima maneno tunayo tangu zamani, na mwalimu wake mkubwa alitoka kwenye njia hiihii. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924 akasoma Tabora. Wengi wanamjua kwa uwanja wa mpira wa Arusha wenye jina lake, wengine kama meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na waziri wa sheria wa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mimi namshukuru kwa kitabu cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, alichokiandika akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Humo aliweka wazi jambo walilolijua washairi kwa masikio: mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Mizani ni neno lilelile la sokoni, chombo cha kupimia pembe kabla ya kuzihesabu kwa frasila.

Chukua "nitakuandikia". Ni-ta-ku-a-ndi-ki-a: mizani saba. Kitenzi kimoja kimekula karibu ukwapi wote, na kinastahili, maana ni sentensi kamili. Sasa pima "kwa namna moja au nyingine". Mizani 11. Kati ya 16 ulizopewa umetumia 11, na hujasema kitu. Mshairi hawezi kumudu hasara hiyo. Mwandishi wa hotuba anaimudu mara sita kwa ukurasa kwa sababu hakuna anayempimia. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa nathari, hata wasiotaka ushairi, nawapa wiki moja ya kutunga mishororo ya 16. Mashairi yao mengi si mazuri, na wengine hujifunza hila ya kujaza mizani kwa "hakika" na "yakini" pale maana ilipokwisha. Hata hila hiyo ina faida: mtu akishajikamata mwenyewe akijaza, masikio yake hayarudi kama yalivyokuwa.

Mwalimu Nyerere naye alipita Tabora, kwanza kama mwanafunzi wa shule ya serikali kuanzia mwaka 1937, kisha kama mwalimu wa St. Mary's. Alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, akaichapisha mwaka 1963, hakuiacha hapo. Aliirudia, ikatoka upya mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Alikuwa rais wa nchi, na alirudi kwenye mistari iliyokwisha chapwa. Nawakumbusha hilo wale wanaoniambia hawana muda wa kusoma barua mara ya pili kabla ya kuituma.

Mjini hapohapo, Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulikaa kuamua kama chama kiingie kwenye uchaguzi uliowekwa na serikali ya kikoloni. Masharti yalikuwa mazito: mpiga kura alitakiwa kuwa na elimu, kipato au cheo cha kiwango fulani, na alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake ingeharibika. Nyaraka za serikali zilieleza haya kwa kurasa. Watu walisema "kura tatu". Maneno mawili, na aliyekuwa kijijini Sikonge alijua mara moja kinachokatazwa na kinachodaiwa. Mkutano ulikubali kushiriki, na uamuzi ule ukapewa jina ambalo bado lipo midomoni: Uamuzi wa Busara. Waliokuwa wakipinga walikuwa na hoja nzito, Zuberi Mtemvu akatoka na kuunda chama chake, na ubishi wa siku zile unastahili kusomwa kwa urefu wake. Ninachokipenda ni jinsi watu, walipohitaji jambo lisafiri haraka kutoka mdomo hadi mdomo, walivyolifunga vizuri bila kufundishwa na mtu.

Turudi darasani. Zoezi ninalolitegemea zaidi lina hatua tatu, na walimu wengi huishia ya pili. Mwanafunzi anaandika barua ya maneno 300. Siku ya pili anaipunguza mpaka 150, bila kuondoa jambo lolote la lazima. Siku ya tatu namruhusu kurudisha maneno 20, ayachague mwenyewe, na aeleze mbele ya wenzake kila moja limerudi kufanya nini. Hatua hii ya tatu ndiyo inayofundisha. Mtu anapokuwa na nafasi 20 tu, harudishi "kwa ujumla". Anarudisha jina la mtoto wake. Anarudisha "bado". Anarudisha pole.

Siku ya tatu pale Tabora, yule mzee wa tangazo alisimama. Alikuwa amelinakili toleo la maneno 21 kwenye daftari lake, na hakuwa ameridhika.

"Mwalimu," alisema, "umetupunguzia mzigo, lakini umetunyima hodi."

Nikamwomba afafanue, akaniambia kwamba kwao hata mwenye habari ya msiba husimama kwanza. Asubuhi atasema mwangaluka, jioni mwadila, atangoja aitikiwe, ndipo aseme lililomleta. Tangazo langu lilikuwa limeingia nyumbani kwa watu bila kubisha mlangoni. Kijana mmoja akataka kumjibu kwamba ubao hauitikii salamu. Wenzake wakamtazama, akanyamaza. Mzee alikuwa na haki. Nilikuwa nimepima maneno kwa mizani moja, na heshima ina mizani yake. Tukaweka "Ndugu wananchi" mwanzoni. Yakawa 23.

Hakukaa. Aliendelea kulitazama ubaoni, akilisoma polepole kwa midomo, kama mtu anayehesabu.

"Na maji yanarudi lini?"

Tulitazamana. Tangazo lilikuwa limebandikwa, limesomwa, limejadiliwa na watu 30 wenye kalamu kwa siku mbili, na hakuna kati yetu aliyeliona pengo hilo kwa jinsi lilivyofunikwa. Mzee akachukua chaki mwenyewe na kuongeza mstari wa mwisho: "Yatarudi Alhamisi asubuhi."